Ndege ya Kitani Haidai Spre

Watu wanaounda ndege ndogo za plastiki wana madaraja yao ambayo hayajaandikwa popote. Anayeanza hupaka rangi kwa brashi. Akipata uzoefu, na pesa, hununua kompresa ndogo na bomba la kupulizia, na tangu siku hiyo brashi hubaki ya kugusagusa matairi na mikanda ya kiti. Anayeendelea na brashi baada ya miaka kumi huonewa huruma kidogo, kama mtu anayepiga nguo pasi ya mkaa nyumbani kwenye umeme. Kwa ndege nyingi madaraja hayo yana mantiki yake. Ndege ya kivita ya leo ina ngozi moja laini iliyopulizwa rangi kiwandani, na anayetaka mfano wake ufanane nayo ana kila sababu ya kupuliza. Lakini ipo jamii moja ya ndege isiyokaa katika mpango huo: ndege za mwanzo zenye mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine, zilizoruka kati ya mwaka 1903 na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hizo zilikuwa miti, kitani na waya. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa ndege hizo brashi si kituo cha kupitia kuelekea chombo bora. Ndiyo chombo bora, na sababu yake imo ndani ya ndege yenyewe, wala haimo katika mfuko wa fundi.

Tuchukue ndege moja ili tusibishane hewani. B.E.2c ilizaliwa Farnborough, Uingereza, katika kiwanda cha serikali kilichoitwa Royal Aircraft Factory. Mizizi yake ni kazi ya Geoffrey de Havilland, aliyerusha B.E.2 ya kwanza mwaka 1912. Baadaye mhandisi kijana, Edward Busk, akaisuka upya ili iweze kujisimamia angani bila rubani kuipigania kila sekunde. Busk mwenyewe aliteketea hewani Novemba 1914, ndege aliyokuwa akiirusha iliposhika moto. Upana wa mabawa ya B.E.2c ulikuwa mita 11 na ushei, na injini yake ya nguvu za farasi 90 iliifikisha takriban kilomita 116 kwa saa, yaani dereva wa basi asiyejali trafiki angeweza kushindana nayo. Si ndege ya mbali na sisi kama mtu angedhani. Mapema mwaka 1916 kikosi cha 26, kilichoundwa na watu wa Afrika Kusini ndani ya jeshi la anga la Uingereza, kiliteremka Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, katika nyika iliyo kati ya Voi na Taveta, kikiwa na B.E.2c na ndege za Farman zenye injini nyuma. Ukiipunguza ndege hiyo mara 72 inabaki na upana wa sentimita 15 hivi, inaenea juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Kipimo hicho cha 1/72 kina asili rahisi: mtu wa futi sita anakuwa na urefu wa inchi moja. Kilienea Uingereza tangu miaka ya 1930, na hadi leo ndicho kipimo cha vifurushi vingi vya ndege za aina hii, B.E.2c ya Airfix ikiwemo.

Kabla ya kuitetea brashi ni lazima niitupe hoja moja ambayo watetezi wake huipenda kupita kiasi. Wanasema: ndege halisi ilipakwa kwa brashi, basi na mfano wake upakwe kwa brashi. Inasikika vizuri, lakini haisimami. Kama brashi yako imeacha mfereji wenye ukingo ulioinuka sehemu moja ya kumi ya milimita, jicho halitasumbuka nao sana. Ukiuzidisha mara 72 unapata tuta la zaidi ya milimita 7 juu ya bawa la ndege halisi. Hakuna mwanamke wala mwanamume wa Farnborough aliyewahi kuacha tuta la namna hiyo. Alama ya brashi ya mita moja si alama ya brashi ya inchi moja, kama vile mtoto asivyo mtu mzima aliyepunguzwa. Kwa hiyo anayepaka ovyo na kujitetea kwamba "hata wao walipaka kwa mkono" anajidanganya. Hoja yangu inaanzia mahali pengine: si kwenye alama ambayo brashi inaacha, bali kwenye namna brashi inavyomlazimisha mtu aitazame ndege.

Ndege ya bati huonekana kama kitu kimoja. B.E.2c ni mkutano wa vitu vingi, na kila kimoja kinaonekana kwa nje. Mabawa na mkia ni kitani kilichovutwa juu ya mbavu za mbao. Nguzo zinazotenganisha bawa la juu na la chini ni mbao. Pua ni bati. Silinda nane za injini zimejitokeza wazi zipate upepo, na mabomba mawili ya moshi yanapanda kutoka hapo hadi juu ya bawa la juu, yameungua rangi ya kutu. Rafadha yake ya mapanga manne imeundwa kwa tabaka za mbao zilizogundishwa, kisha zikachongwa na kupigwa vanishi, hivyo ukingoni kuna mistari kama ya kitabu kilichofungwa. Kingo za matundu wanamokaa watu zimeshonewa ngozi. Hata matairi si meusi: mpira wa zama hizo mara nyingi ulikuwa wa kijivu hafifu, kwa kuwa masizi yanayoupa mpira wa leo weusi wake yalikuwa hayajawa desturi. Mtu akikaa mbele ya ndege hiyo akiwa na spre mkononi, swali lake la kwanza ni aanze na rangi gani kubwa na azibe wapi kwa tepu. Akiwa na brashi, swali lake la kwanza ni hiki kimeundwa kwa kitu gani. Maswali hayo mawili hayalingani. La pili ndilo linaloijua ndege.

Chukua kitani chenyewe. Ndege ya Wright, iliyoruka kwa sekunde 12 tarehe 17 Desemba 1903, ilivalishwa kitambaa cha pamba kikavu, bila kupakwa chochote. Muda si mrefu mafundi wakatambua kwamba kitambaa kikavu hulegea, hunyonya maji na kupitisha hewa. Dawa ikawa dopu: selulosi iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi chenye harufu kali, ikapakwa kwa brashi pana, mkono juu ya mkono, hadi kitani kinywee, kikaze na kulia kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Mtu wa pwani hatashangaa. Fundi wa jahazi apakapo deheni chini ya chombo chake hafanyi urembo; anakiwezesha chombo kukaa majini. Dopu ilikuwa deheni ya angani. Na kama kazi nyingi za kupaka, ilikuwa na bei yake. Kiyeyushi kimoja kilichotumika miaka ya mwanzo ya vita, tetrakloroethani, kiliharibu ini. Wapakaji, wengi wao wanawake walioingia viwandani wanaume walipokwenda vitani, walipata ugonjwa wa manjano na baadhi yao wakafa, ndipo kiyeyushi hicho kikaachwa. Kuna jambo la kufurahisha kidogo katika historia hii. Vifurushi vya kwanza vya ndege za plastiki vya kipimo cha 1/72, vile vya FROG Penguin vya mwaka 1936, vilifinyangwa kwa selulosi asetati, ndugu wa damu wa dopu ile. Navyo, kama kitani cha zamani, havikutulia: ni vigumu kupata kimoja kilichosalia ambacho mabawa yake hayajapinda.

Kitani kilichopakwa dopu tupu hakikuwa cheupe. Kilikuwa na umanjano wa maziwa yaliyolala, na mwanga ulikipenya, hivyo ndege ilipopita juu mtu wa chini aliona kivuli cha mbavu na boriti ndani ya bawa. Hapa ndipo brashi inapoanza kulipa. Rangi ya akriliki ya maji, ikizimuliwa hadi iwe nyepesi, haifichi kilicho chini yake kwa mkono mmoja. Fundi anaweza kuchora boriti na mbavu kwa rangi nzito kidogo, kisha akapitisha juu yake mikono mitatu minne ya rangi ya kitani, na akakoma pale tu kivuli kinapobaki kama wazo. Uamuzi wa kukoma uko katika ncha ya brashi. Bomba la kupulizia nalo linaweza kufanya hivyo, siwezi kukataa, na lipo mikononi mwa watu wanaolijua vilivyo. Lakini kwa kila ubavu wanabandika vipande viwili vya tepu nyembamba, na bawa la B.E.2c lina mbavu nyingi, na mabawa ni manne.

Mwaka 1916 Waingereza walianza kupaka juu ya dopu rangi waliyoiita PC10, udongo wa manjano uliochanganywa na masizi kidogo, ili kulikinga kitani na jua linalokiozesha na papo hapo kuificha ndege ikiwa ardhini. Upande wa chini uliachwa na umanjano wake. Rangi hii imezua mabishano ambayo mtu wa nje angedhani ni ya dini. Mmoja huapa ilikuwa kahawia, mwingine kijani cha zeituni iliyoiva. Wote wana ushahidi, kwa sababu manjano na nyeusi vikichanganywa huelekea ukijani, kiasi cha masizi kilibadilika, kilichofungia rangi hiyo hakikuwa kimoja siku zote, na jua likamalizia. Vipande vilivyosalia vina zaidi ya miaka mia. Anayepuliza hutafuta kichupa kimoja kilichoandikwa PC10 na kukifunika nacho kila kitu, kwa sababu spre ina heshima kwa usawa. Anayepaka kwa brashi, hata kama hakukusudia, hupata bawa ambalo halilingani kabisa na jirani yake: hapa mkono wa tatu umekuwa mzito, pale mwepesi. Nimeshasema alama za brashi si ushahidi wa kitu. Ila kutolingana kwa rangi, tofauti na tuta la rangi, hakuna kipimo. Bawa lililobadilishwa wiki iliyopita na bawa lililokaa juani miezi mitatu hutofautiana sawasawa yakiwa na mita 11 au sentimita 15.

Namna ya kupaka si siri, na wengi wanaoichukia brashi waliichukia siku walipotoa rangi kichupani na kuibandika kama ilivyo. Rangi izimuliwe hadi iwe kama maziwa fresh. Brashi iwe bapa na pana kadiri bawa linavyoruhusu, yenye nywele laini, si ile ndogo ambayo kila anayeanza hudhani ndiyo ya usahihi. Kadiri brashi ilivyo ndogo ndivyo mistari inavyokuwa mingi. Mvuto uende upande mmoja, kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi wa nyuma, kama upepo unavyopita, na brashi isirudi juu ya rangi iliyoanza kukauka. Hilo ndilo kosa linalotengeneza matuta, wala si brashi. Mkono wa kwanza utakuwa wa kutia aibu, na huo ndio wakati ambao uvumilivu wa wengi huisha. Wa pili hausemi kitu. Kwenye wa tatu bawa hugeuka. Kati ya mkono na mkono rangi ikauke kweli, si kukauka kwa kidole. Rangi za mafuta kama Humbrol za kopo zinasamehe zaidi kwa kuwa hukawia na kujisawazisha zenyewe, ila zinadai usiku mzima kati ya mikono. Zile akriliki za spiriti, Tamiya kwa mfano, zilitengenezwa hasa kwa kupulizwa; mkono wa pili huyeyusha wa kwanza, na aliyezijaribu kwa brashi ana haki ya kulalamika, mradi alalamikie rangi. Jambo jingine dogo: viwanda vya plastiki hupenda kufinyanga mbavu zilizotokeza mno, kama za ng'ombe wa kiangazi. Kitani halisi kilikazwa. Msasa laini kabla ya rangi huliponya hilo, na rangi nyepesi hailirudishi.

Ushahidi mzito zaidi hautoki Uingereza, unatoka upande wa pili wa mstari wa mbele. Wajerumani wa kampuni ya Albatros hawakuvalisha kiwiliwili cha ndege zao kitani. Walikifunga kwa plaiwudi na kukipiga vanishi, kikang'aa rangi ya asali. Kuigiza mbao juu ya plastiki ni kazi inayojulikana: rangi ya mchanga chini, kisha rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia ya udongo uliochomwa, ikivutwa juu yake kwa brashi kavu yenye nywele ngumu hadi nywele zenyewe zichore nyuzi za mti. Hapa brashi haifichi alama zake, inazitumia, na hata mabingwa wa kupuliza huiweka mashine pembeni. Kampuni ya Fokker nayo iliacha jambo ambalo linanitatiza mimi niliyesema hapo juu kwamba alama za brashi hazipungui kwa kipimo. Kwenye ndege zake maarufu za mabawa matatu, na kwenye D.VII za mwanzo za mabawa mawili, wapakaji walivuta rangi ya zeituni juu ya kitani kwa brashi pana na kavu, kwa makusudi, ikaacha michirizi ambayo picha za zama zile zinaionyesha waziwazi. Ukichukulia mchirizi mmoja una upana wa sentimita 10, kwenye kipimo cha 1/72 unakuwa milimita 1.4. Huo ni upana wa brashi ndogo inayouzwa dukani. Kwa Fokker, basi, ile hoja niliyoitupa inarudi ikiwa na haki yake, kwa sababu tu kilichopimwa safari hii ni upana wa mchirizi na si unene wa rangi.

Kisha kuna waya. Mtu anayeziona ndege hizi picha kwa picha hudhani waya ni fujo ya wavumbuzi ambao hawakuwa wamejifunza. Ni kinyume. Mwaka 1896 Octave Chanute, mhandisi aliyetumia maisha yake kwenye reli na madaraja Marekani, alikopa mpangilio wa daraja la reli na kuuweka kwenye ndege isiyo na injini ya mabawa mawili: bawa juu, bawa chini, nguzo za wima kati yake, na waya za mshazari zikivuta kona hadi kona. Ndugu wa Wright, walioandikiana naye barua kwa miaka, walikwenda na mpango huo huo. Bawa la kitani peke yake ni legelege kama mkeka. Mawili yakifungwa hivyo yanakuwa boriti moja nyepesi na ngumu. Waya zinazopanda kutoka kiwiliwili kwenda nje hadi bawa la juu ndizo hubeba uzito ndege ikiwa hewani. Zile zinazoshuka kutoka juu ya kiwiliwili kwenda bawa la chini huyabeba mabawa ndege ikiwa imetua. Ukikata moja ya kundi la kwanza hewani, hutahitaji kuelezwa kazi yake. Kwenye B.E.2c kiwanda cha Farnborough kilitumia waya bapa zilizonyooshwa ziukate upepo, nazo kwa kipimo cha 1/72 ni nyembamba kama unywele. Mafundi hutumia mshipi mwembamba wa kuvulia, uzi unaovutika, au plastiki ya fremu ya kifurushi chenyewe ikipashwa moto kwenye mshumaa na kuvutwa hadi iwe uzi. Njia hii ya mwisho haina gharama, na inanuka.

Waya hizi ndizo zinazoamua ubishi wa brashi na spre, ingawa hazipakwi sana. Ndege ya bawa moja huundwa kwanza, kisha hupulizwa nzima. Ndege ya ghorofa haikubali hivyo. Bawa la juu likishakaa juu ya nguzo, chini yake hapafikiki; nguzo hutupa kivuli cha rangi, na pembe ambazo bomba lingehitaji kuziingilia zimezibwa. Kwa hiyo rangi haiji baada ya kuunda, inakuja katikati. Tundu la rubani hupakwa kabla kiwiliwili hakijafungwa, mabawa hupakwa yakiwa peke yake na vitobo vya waya vimeshatobolewa, alama za taifa zilizochapwa huloweshwa na kubandikwa bawa likiwa bado mezani, nguzo hupakwa zikiwa kwenye fremu, ndipo ghorofa inapandishwa. Kila kiungo cha gundi kilichoharibu rangi kinahitaji kuguswa tena, mahali padogo, kwa rangi ile ile, na pasionekane kiraka. Bawa lililopulizwa halikubali kiraka cha brashi: rangi ni moja, ila umbile la uso ni tofauti, na kiraka kinaonekana kama doa la mafuta kwenye kanzu. Bawa lililopakwa kwa brashi linakubali. Ndiyo maana hata walio na mashine huishia na kazi iliyochanganyika isiyowafurahisha, nusu ya ndege ikisema hivi na nusu vile.

Mpuliziaji ana majibu yake, na mengine ni ya haki. Atasema kuwa kwa kipimo kikubwa, 1/32 kwa mfano, bawa la B.E.2c lina upana wa sentimita 35, na kuliweka sawa kwa brashi ni jasho lisilo na malipo. Nakubali. Atasema kivuli laini kinachofifia, kama moshi wa injini uliopaka ubavu wa ndege, hutoka vizuri zaidi kwa hewa. Nakubali pia, ingawa vumbi la chokaa ya rangi na brashi kavu hufika karibu sana. Atasema brashi ni ya masikini. Hili silikubali hata kidogo, si kwa sababu umasikini ni aibu, bali kwa kuwa ni kosa la hesabu: brashi nzuri ya nywele za mnyama ni ghali, hufa isiposafishwa, na miezi ya kujifunza mkono wake haipungui miezi ya kujifunza bomba. Kinachopungua ni mashine, kelele na harufu ndani ya nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja na sebule, na sioni kwa nini mtu aone haya kwa hilo.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo. Mtu anaweza kuuliza kuna nini cha kupamba katika chombo cha vita, na hasa vita vile vilivyoletwa kwetu na wenyeji wake wa mbali. Ni kweli kwamba ndege za kwanza ambazo watu wengi wa Rufiji waliziona zilikuwa zikiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta, na Julai 1915 Farman iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyoelekeza mizinga iliyoiangamiza. Ni kweli kwamba nyuma ya kila kikosi kulikuwa na wapagazi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Modeli inayong'aa kama kikombe cha mashindano husahaulisha hayo yote. Lakini usahaulifu huo haumo katika plastiki, umo katika kung'aa. Aliyetumia jioni kumi akiuliza kila kipande kimeundwa kwa nini na kimepakwa na nani, akafika kwenye wanawake wa dopu na ini lao, na kwenye kitani na gundi vilivyopambana na jua na mvua za nyika ya Taveta, hajaipamba vita. Pengine ameijua kuliko aliyesoma orodha ya mapigano.

Na kuna jambo moja kuhusu B.E.2c ambalo vitabu hulisema kwa sentensi moja, ila mkono hulielewa kwa namna yake. Ndege hii ilisifiwa kwa utulivu, na usiku utulivu ule ulifaa: Septemba 1916 William Leefe Robinson, akiwa ndani ya B.E.2c, aliangusha puto kubwa la kivita la Kijerumani karibu na London. Mchana ilikuwa mawindo. Mwaka 1915, Wajerumani walipopata ndege ya Fokker yenye bunduki inayopiga mbele kupitia rafadha, B.E.2c ziliangushwa moja baada ya nyingine. Sababu moja ni kwamba mtazamaji, ambaye ndiye aliyekuwa na bunduki, alikaa mbele ya rubani, chini ya bawa la juu. Aliwekwa hapo kwa sababu ya mizani: ni karibu na kitovu cha uzito, hivyo ndege iliweza kuruka bila yeye pasipo kubadilika. Katika maandishi hilo ni kosa la usanifu. Mezani, ghorofa ikiwa imeshapanda na waya zimeshavutwa, fundi hugundua amesahau kupaka kikalio cha bunduki kilicho ukingoni mwa tundu la mbele. Anaijaribu brashi kutoka mbele, inazuiwa na rafadha na mabomba ya moshi. Anajaribu kulia, kuna nguzo mbili na waya. Kushoto vivyo hivyo. Juu kuna bawa. Mtazamaji wa mwaka 1915 alipewa vikalio kadhaa kuzunguka tundu lake, na katikati ya mapigano alitakiwa aing'oe bunduki ya Lewis kwenye kimoja na kuipachika kwenye kingine, akichunga asikate waya zinazombeba. Brashi hatimaye hupata njia moja: kutoka nyuma, juu ya kichwa cha rubani. Ndiyo njia aliyokuwa nayo mtazamaji pia, akigeuka na kupiga risasi kuelekea mkia.